Kuwaandaa Waanzilishi wa Kampuni Chipukizi za Japani kwa Masoko ya Nje: Mwongozo kwa Washauri

Kampuni chipukizi, kwa maana inayokusudiwa katika mwongozo huu, ni kampuni changa iliyoundwa ili ikue kwa kasi kwa kutegemea wazo au teknolojia mpya, na ambayo katika miaka yake ya mwanzo huendeshwa kwa fedha za wawekezaji kuliko kwa faida yake yenyewe. Nchini Japani kampuni za aina hii zilikaa kwa muda mrefu pembezoni mwa uchumi uliotawaliwa na makampuni makubwa, lakini mwezi Novemba 2022 serikali ya Waziri Mkuu Fumio Kishida ilipitisha mpango wa miaka 5 wa kuziendeleza, uliolenga kuongeza uwekezaji katika kampuni hizo hadi yeni trilioni 10 kwa mwaka ifikapo mwaka wa fedha wa 2027, kiasi kinachozidi mara 10 ya kile kilichokuwa kikiwekezwa wakati mpango ulipoandaliwa. Mpango huo ulitaja pia nia ya kuzalisha kampuni 100 ambazo kila moja itafikia thamani ya dola bilioni 1 kabla ya kuuza hisa zake kwa umma, na ni vigumu kuona jinsi nia hiyo itakavyotimia kwa wateja wa ndani peke yao. Kwa sababu hiyo waanzilishi wengi sasa wanasukumwa kutoka, baadhi yao wakiwa tayari na wengine wakiwa hawajajiandaa hata kidogo, na kila wanakofika huhitaji watu wa kuwashika mkono: washauri wa biashara, wanasheria, wahasibu, wakalimani, wasimamizi wa vituo vya kulea kampuni changa, na wenyeji wa masoko yanayolengwa, wakiwemo wa Nairobi na Dar es Salaam ambao wamekwisha kuzoea kufanya kazi na Wajapani.

Mwongozo huu unawalenga watu hao. Msimamo wake ni kwamba maandalizi ya kwenda nje hayaanzi kwa kutafsiri tovuti, wala kwa kukata tiketi, wala kwa kusajili kampuni tanzu ugenini, bali huanza kwa kutenganisha mambo mawili ambayo mwanzilishi aliyefanikiwa nyumbani huyaona kuwa jambo moja: yale ambayo kampuni yake imeyajenga kwa jasho lake, na yale ambayo imeyapata bure kwa kuwa tu iko Japani. Ya kwanza yanaweza kuvuka mpaka, ilhali ya pili hubaki nyuma, na kampuni ambayo haikujua kwamba iliyategemea hugundua pengo hilo ikiwa imekwisha kuajiri watu na kulipa kodi ya ofisi.

Mvuto wa soko la nyumbani

Mshauri asiyejua historia anaweza kudhani kwamba kinachowachelewesha Wajapani ni lugha au haya. Mambo hayo yapo, lakini sababu kubwa zaidi ni ya kiuchumi. Japani ina watu takriban milioni 124 wenye kipato kizuri, wanaotumia lugha moja na kufuata sheria moja, hivyo kampuni inaweza kukua kwa miaka mingi bila kumtafuta mteja hata mmoja ng'ambo. Zaidi ya hayo, Soko la Hisa la Tokyo limekuwa likizipokea kampuni zikiwa bado ndogo. Sehemu yake ya kampuni zinazokua, iliyoitwa Mothers na ambayo nafasi yake ilichukuliwa na ile iitwayo Growth katika mageuzi ya Aprili 2022, iliwawezesha waanzilishi kuuza hisa kwa umma kwa kutegemea mapato ya ndani tu. Mwekezaji alirudishiwa fedha zake, mwanzilishi akapata heshima mbele ya wazazi na mabenki, na hapakuwa na mtu mwenye sababu ya kuuliza kama bidhaa ile ingeuzika Jakarta au Chicago.

Hatari ya utulivu huo ilikwisha kuonekana katika sekta ya simu. Februari 1999 kampuni ya NTT DoCoMo ilianzisha huduma ya i-mode, ambayo iliwawezesha Wajapani kusoma barua pepe, kukata tiketi na kuangalia akiba ya benki kwa simu ya mkononi miaka kadhaa kabla ya watu wa mataifa mengine kuyazoea mambo hayo. Watengenezaji wa simu, hata hivyo, walibuni vifaa vyao kwa kufuata matakwa ya kampuni za mawasiliano za ndani, ambazo ndizo zilizovinunua na kuviuza, na kwa hiyo simu bora kabisa za wakati wake hazikuwa na pa kwenda nje ya mitandao hiyo. iPhone ilipoingia Japani mwaka 2008, watengenezaji hao walianza kupoteza hata soko la nyumbani. Mshauri anafanya vyema akiitumia historia hii katika mazungumzo ya mwanzo, kwa sababu kila mwanzilishi wa Kijapani anaijua na haimdhalilishi, tofauti na mifano ya kushindwa kwa wenzake wa rika lake.

Kupima kinachovuka mpaka

Kazi ya kwanza, ambayo inastahili kupewa siku kadhaa na isifanywe juu juu, ni kukaa na mwanzilishi pamoja na mtu mmoja wa mauzo na mmoja wa huduma kwa wateja, kisha kuandika kila hatua anayoipitia mteja tangu aliposikia habari za bidhaa mpaka alipoilipia, akaitumia, ikamharibikia na akaomba arudishiwe fedha zake. Kando ya kila hatua iandikwe ni nani anayeiwezesha: ni kampuni yenyewe, ni mshirika anayelipwa, au ni mazingira ya nchi ambayo hakuna aliyewahi kuyafikiria. Safu hii ya tatu ndiyo inayotafutwa, na kwa kawaida huwa tupu katika rasimu ya kwanza, kwa maana mtu aliyezaliwa ndani ya jambo hulihesabu kuwa ni hali ya dunia.

Mfano wa Mercari unafaa kuchunguzwa kwa karibu. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa na Shintaro Yamada mwaka 2013, inaendesha soko la kwenye simu ambamo watu binafsi huuziana vitu walivyokwisha kuvitumia. Mtu wa Tokyo anayeuza koti lake hahitaji hata kujua anwani ya mnunuzi: hulifunga koti, hulipeleka kwenye duka la jirani linalofunguliwa usiku na mchana, huonyesha msimbo uliomo kwenye simu yake, huchapishiwa lebo, na kifurushi huchukuliwa na msafirishaji kama Yamato, ambaye amekuwa akipeleka mizigo midogo nyumba hadi nyumba tangu 1976. Maduka ya aina hiyo nchini humo yanazidi 50,000. Mercari huyashikilia malipo mpaka mnunuzi athibitishe kwamba mzigo umefika na uko kama ulivyoelezwa. Katika mlolongo huo, programu ya simu na utaratibu wa kushikilia malipo ni mali ya Mercari. Lakini duka lililo umbali wa kutembea kwa miguu, msafirishaji asiyepoteza mzigo, na mazoea ya wauzaji ya kueleza hata doa dogo lililopo kwenye kola ni mali ya Japani. Kampuni iliingia Marekani mwaka 2014 na Uingereza mwaka 2017. Kutoka Uingereza iliamua kujitoa mwaka 2018, na huko Marekani, ambako mzigo unaweza kukatiza bara zima na ambako eBay ilikuwa imekwisha kuota mizizi, iliondoa ada za wauzaji mwaka 2024 na kuzirudisha mwaka uliofuata. Si haki kudai kwamba matatizo hayo yote yalitokana na usafirishaji, wala Mercari si kampuni ya kubezwa. Linaloonekana ni kwamba sehemu ya ule wepesi uliowavutia Wajapani haikuwa ndani ya simu.

Kwa kampuni zinazotengeneza vifaa, upimaji huu hushuka mpaka kwenye soketi ya ukutani. Umeme wa majumbani nchini Japani ni wa volti 100, na nchi yenyewe imegawanyika kati ya hezi 50 upande wa mashariki na hezi 60 upande wa magharibi, ilhali Afrika Mashariki hutumia volti 230 hadi 240 na hezi 50. Kifaa kilichoundwa kwa volti 100 pekee kikichomekwa Mwanza kitaungua, na hata kile kinachokubali volti zote kitapaswa kuvumilia umeme unaopanda, kushuka na kukatika, hali ambayo mhandisi wa Osaka huenda hajawahi kuiingiza katika majaribio yake. Vivyo hivyo vumbi, joto la ndani ya kontena lililokaa bandarini, na fundi wa mtaani atakayekifungua kifaa kwa bisibisi isiyo yake kabla ya kusoma onyo lolote.

Safu ya tatu ikishajazwa, swali linalofuata si namna ya kuipeleka Japani ugenini, jambo lisilowezekana, bali ni nani katika nchi ile anafanya kazi inayofanana. Hapa Tanzania inatoa mfano mzuri. Kampuni ya WASSHA, iliyoanzishwa Tokyo mwaka 2013 kutokana na utafiti wa umeme uliofanyika Chuo Kikuu cha Tokyo, haikuwauzia wanakijiji taa za sola kwa fedha taslimu ambazo hawakuwa nazo. Ilimkabidhi mwenye duka paneli za kuweka juu ya bati, taa, na simu yenye programu maalumu. Mwenye duka hulipia kwa pesa za simu, mfumo humfungulia uwezo wa kuchaji, jioni huzikodisha taa kwa majirani zake, na asubuhi huzikusanya kuzichaji tena. Kidhibiti kinachoruhusu umeme baada ya malipo kilitoka Japani. Duka la kijijini, wakala wa pesa za simu, na kule kujuana kunakomfanya jirani airudishe taa asubuhi vilikuwepo Tanzania kabla ya Mjapani yeyote kufika. Mwaka 2020 kampuni hiyo na Daikin, mtengenezaji mkubwa wa viyoyozi, ziliunda Baridi Baridi, ambayo huwawekea wateja wa Tanzania viyoyozi vinavyotumia umeme kidogo na kuwatoza kwa kipindi cha matumizi badala ya kuwauzia kifaa moja kwa moja, njia ambayo isingewezekana pasipo uzoefu wa kukusanya malipo madogo madogo kwa simu.

Kuchagua soko na kulitembelea

Mwanzilishi akisema kwamba anataka kwenda Asia ya Kusini-Mashariki, au Afrika, mshauri asikubali jibu hilo, kwa sababu hayo ni majina ya sehemu za ramani na si masoko. Jibu linalotosha hutaja mji mmoja, aina moja ya mteja, na cheo cha mtu anayeidhinisha malipo. Hata nchi jirani hutofautiana kwa mambo yanayogusa kazi ya kila siku: mkataba wa Nairobi kwa kawaida utaandikwa kwa Kiingereza, ilhali nchini Tanzania Kiswahili ndicho kinachotawala ofisi za serikali, na sheria ilirekebishwa mwaka 2021 ili kiwe lugha ya mahakama. Kampuni iliyofanikiwa upande mmoja wa mpaka wa Namanga haina budi kuanza upya baadhi ya kazi zake upande wa pili.

Ziara ya kwanza ndiyo inayoharibika kwa urahisi zaidi. Kuna desturi, inayolalamikiwa tangu California hadi Afrika Mashariki, ya ujumbe wa Kijapani wenye watu wengi kufika katika kampuni ya wenyeji, kubadilishana kadi kwa mikono miwili, kusikiliza maelezo kwa makini, kupiga picha ya pamoja, na kutorudi tena. Wenyeji huiona kuwa ni kupotezewa muda, na mwanzilishi mdogo anayefika baada ya ujumbe wa namna hiyo hulipa deni ambalo si lake. Inafaa basi mshauri aipange ziara kwa matokeo yanayoweza kuandikwa: bei ambayo mteja mwenyewe ameitaja, sababu ya kukataa kutoka kwa angalau wateja kadhaa waliokataa kwa dhati, na jina la mtu mwenye mamlaka ya kununua. Mazungumzo na wizara, mabalozi na vyama vya wafanyabiashara yana nafasi yake, ila yasichukue siku zote za ziara, kwa kuwa hakuna mmoja wao atakayenunua bidhaa.

Ugumu mwingine unatokana na adabu ya pande zote mbili. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayemwambia mgeni kwamba kitu chake ni kizuri sana na kwamba watawasiliana, mara nyingi anamstahi tu mgeni. Naye Mjapani anayesema kwamba atalitazama jambo hilo kwa uangalifu, mara nyingi amekwisha kulikataa. Adabu mbili zikikutana huzaliwa mradi wa majaribio usio na mwisho. Waanzilishi wa Kijapani wako katika hatari zaidi kwa sababu nyumbani wamezoea kufanya majaribio na makampuni makubwa ambayo hulipa kidogo, huomba marekebisho mengi, na huishia kwenye ripoti. Kwa hiyo kabla ya jaribio lolote ugenini iandikwe karatasi fupi inayotaja tarehe ya mwisho, kipimo cha mafanikio, bei itakayofuata jaribio likifaulu, na kiasi ambacho mteja atalipa tangu mwanzo, hata kikiwa kidogo. Mteja asiyekubali kulipa chochote amekwisha kutoa jibu.

Nani aende, na aende na madaraka gani

Katika sehemu hii makosa ni ghali kuliko mahali pengine popote, na washauri wengi huipita kwa haraka kwa sababu inaonekana kuwa jambo la ndani la kampuni. Utaratibu wa maamuzi katika taasisi nyingi za Kijapani hufuata hati inayoitwa ringi, ambayo huandikwa na mtu wa ngazi ya chini, huzungushwa kwa wakuu wa idara mmoja baada ya mwingine kila mmoja akiweka muhuri au kibali chake, na hutanguliwa na mazungumzo ya faragha ya kuhakikisha kwamba hakuna atakayeshtuka. Utaratibu huo una hekima yake, kwa maana uamuzi ukishapita hutekelezwa bila mvutano. Kampuni chipukizi nyingi hujisifu kwamba zimeuacha, lakini huurithi upya zinapoajiri wasimamizi kutoka makampuni makubwa na zinapopata wanahisa wa aina hiyo. Ugenini, mshindani anapokuwa amekwisha kupeleka ankara, meneja wa tawi bado anasubiri kibali kutoka Tokyo.

Tofauti ya saa hulikuza tatizo. Saa tatu asubuhi ya Dar es Salaam ni saa tisa alasiri ya Tokyo, hivyo ofisi mbili zinazofanya kazi hadi jioni ya kawaida hukutana kwa takriban saa 3 kwa siku. San Francisco na Tokyo, zikitofautiana kwa saa 16 au 17, hukutana kwa shida zaidi, na Ijumaa alasiri ya California ni Jumamosi asubuhi ya Japani. Swali lililoulizwa saa nane mchana Dar es Salaam hupata jibu kesho yake, na jibu likiwa ni swali jingine, juma zima huisha. Dawa yake ni kuandika, kabla ya mtu yeyote kupanda ndege, ni punguzo gani la bei, mkataba wa thamani gani, ajira ya cheo gani na mabadiliko gani ya bidhaa yanayoweza kuamuliwa na aliyeko nje bila kuuliza. Kama mwanzilishi anasita kuyaandika hayo, basi aende mwenyewe. Akio Morita wa Sony alifanya hivyo mwaka 1963 alipohamia New York pamoja na familia yake, wakati kampuni ilikuwa imekwisha kujulikana, kwa kuwa aliona kwamba soko lile halifahamiki kwa ripoti.

Meneja mwenyeji anayeajiriwa naye apewe sababu ya kubaki. Haki ya mfanyakazi ya kununua hisa baadaye kwa bei iliyopangwa leo, ambayo ndiyo huwavuta watu wenye uwezo kujiunga na kampuni isiyo na uhakika, hupangwa na kutozwa kodi kwa namna tofauti katika kila nchi, na mpango ulioandikwa kwa ajili ya sheria ya kodi ya Japani huenda usiwe na faida yoyote kwa mtu wa Nairobi au Bengaluru. Kampuni ambayo hisa zake zote zinashikwa na Wajapani, na ambayo vikao vyake vyote vinafanyika kwa Kijapani, humfanya meneja huyo kuwa mkalimani mwenye gari, naye kwa kawaida huondoka mara tu anapopata kazi nyingine.

Kuhusu wasilisho mbele ya wawekezaji na wateja, hapana haja ya maneno mengi. Wasilisho la Kijapani hujaa maandishi madogo, huanza na historia ya kampuni na nembo za wateja wakubwa wa Japani, na huchelewesha ombi hadi ukurasa wa mwisho. Ugenini nembo hizo hazimwambii mtu kitu. Ombi lije mapema, takwimu ziwe chache, na mwanzilishi azoezwe kwa maswali makali kuliko kusahihishiwa matamshi.

Sheria, kodi na haki miliki

Swali la wapi kampuni mama isajiliwe huulizwa mapema mno au kwa kuchelewa mno. Wawekezaji wengi wa Marekani hupendelea kampuni iliyosajiliwa katika jimbo la Delaware, ambalo sheria zake wanazifahamu, na baadhi ya kampuni za Japani hulazimika kugeuza muundo wao kwa wanahisa kubadilisha hisa za kampuni ya Kijapani kwa hisa za kampuni mpya ya kigeni. Mabadiliko hayo yanaweza kuzaa kodi kubwa, na kadiri thamani ya kampuni inavyopanda ndivyo gharama yake inavyoongezeka. Astroscale, inayoshughulikia taka za angani, ilianzishwa na Nobu Okada nchini Singapore mwaka 2013, ikahamishia makao yake makuu Tokyo, na mwaka 2024 ikaingia katika Soko la Hisa la Tokyo. Safari hiyo ya kurudi inaonyesha kwamba usajili hufuata waliko wateja, serikali na mitaji, na kwamba hakuna nchi moja iliyo sahihi kwa kila kampuni.

Mwanzilishi binafsi naye ana mtego wake. Tangu Julai 2015 Japani humtoza kodi mkazi anayeondoka nchini akiwa na hisa na mali nyingine za kifedha zenye thamani ya yeni milioni 100 au zaidi, iwapo ameishi humo zaidi ya miaka 5 katika miaka 10 iliyopita, na kodi hiyo hukokotolewa kana kwamba ameziuza siku anayoondoka. Mwanzilishi ambaye hisa zake zimepandishwa thamani na mwekezaji wa mwisho anaweza kuwa tajiri kwenye karatasi na asiwe na fedha za kulipia. Sheria inatoa nafasi ya kuahirisha malipo kwa kuweka dhamana, lakini taratibu zake hufuatwa kabla ya kuondoka, si baada ya kuwasili, kwa hiyo mhasibu wa kodi aonwe kabla ya mwanzilishi kuhamisha makazi yake.

Katika haki miliki, linalosahauliwa zaidi ni maonyesho. Sheria ya hataza ya Japani humpa mvumbuzi muda wa mwaka mmoja wa kuomba ulinzi hata baada ya kuuonyesha uvumbuzi wake hadharani, ilhali mfumo wa hataza wa Ulaya kwa kawaida hautoi nafasi hiyo. Kifaa kilichoonyeshwa katika ukumbi wa Tokyo kabla ya ombi la kwanza kuwasilishwa kinaweza kuwa kimepoteza haki yake Ulaya siku ile ile. Ombi la kwanza likishawasilishwa, Mkataba wa Paris hutoa miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine kwa tarehe ile ile ya mwanzo, na Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza hurefusha muda wa kuamua nchi hadi kwa kawaida miezi 30. Alama za biashara zisajiliwe mapema zaidi, hasa katika nchi zinazompa haki aliyetangulia kusajili bila kujali aliyetangulia kutumia: Ryohin Keikaku, kampuni inayomiliki maduka ya MUJI, ilishindwa mwaka 2019 katika mahakama ya Beijing kuhusu matumizi ya jina lake la Kichina kwenye taulo na vitambaa, kwa sababu kampuni ya wenyeji ilikuwa imekwisha kulisajili kwa aina hiyo ya bidhaa.

Taarifa binafsi za wateja zihesabiwe pia kuwa bidhaa inayovuka mpaka. Kanuni ya Umoja wa Ulaya inatumika tangu Mei 2018, Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022, na kila moja ina masharti juu ya kuzihamishia taarifa nje ya nchi, jambo ambalo kampuni inayozihifadhi zote katika seva za Tokyo hulifanya kila sekunde bila kukusudia.

Fedha, msaada wa umma, na kujitoa

Bajeti ya kwenda nje ikiandikwa kwa yeni pekee huwa ni kubahatisha. Mwanzoni mwa 2022 dola 1 ilikuwa takriban yeni 115, na mwaka 2024 ilivuka yeni 160. Tawi lililogharimu dola milioni 1 kwa mwaka liliongezeka gharama kutoka yeni milioni 115 hadi zaidi ya yeni milioni 150 bila kuajiri hata mtu mmoja. Inashauriwa gharama zipangwe kwa fedha ya nchi inayokwenda kutumika, na sehemu ya mtaji ihifadhiwe kwa fedha hiyo mapema.

Msaada wa umma upo na unafaa kutumiwa bila kuutegemea. Shirika la kukuza biashara ya nje la Japani, JETRO, lina ofisi katika nchi nyingi, ikiwemo ya Nairobi, na hutoa utambulisho na ushauri wa awali. J-Startup, mpango wa serikali ulioanzishwa mwaka 2018, huteua kampuni na kuzipa kipaumbele katika misaada. JICA, shirika la ushirikiano wa kimataifa, lina mradi uitwao NINJA unaohusu wajasiriamali wa nchi zinazoendelea na unaoweza kumkutanisha mwanzilishi wa Kijapani na washirika wa Kiafrika. Mikutano ya TICAD, inayowakutanisha viongozi wa Japani na wa Afrika tangu 1993 na iliyofanyika Nairobi mwaka 2016, huzaa hati nyingi za makubaliano. Mshauri azisome hati hizo kwa jicho la mnunuzi: makubaliano yasiyotaja bei wala tarehe hayaingizwi kwenye makadirio ya mapato.

Hatimaye masharti ya kujitoa yaandikwe wakati mwanzilishi bado ana furaha ya kuanza, kwa sababu baadaye aibu ya kurudi humfanya aendelee kupeleka fedha mahali ambapo pamekwisha kumkataa. Hati hiyo itaje kiwango cha mapato na tarehe ambayo kikikosekana tawi litafungwa au litauzwa kwa mshirika. Itaje ni nani atakayewahudumia wateja waliokwisha kulipa, vipuri vitatoka wapi na kwa muda gani. Na itenge mapema, katika akaunti isiyoguswa, fedha za kulipa notisi na kiinua mgongo cha wafanyakazi, kodi zilizosalia, na ada za mhasibu atakayefuatilia kufutwa kwa usajili, kazi ambayo katika nchi nyingi huchukua muda mrefu kuliko ile ya kusajili. Nakala moja akae nayo mwanzilishi, ya pili mwenyekiti wa bodi, na ya tatu meneja mwenyeji, ambaye asipopewa atayajua masharti hayo siku ya kuachishwa kazi.